Hosteli inafungwa Julai, na mimi sina pa kwenda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 21, nasoma uhasibu mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mbeya. Kwetu ni Makete. Baba sikuwahi kumjua. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, bibi akanichukua, lakini alikuwa anaumwa miguu na kulima hakuweza tena. Afisa ustawi wa jamii akaja kuzungumza naye, nikapelekwa Njombe mjini kwa mama mmoja aliyekuwa anapokea watoto. Kwake nilikaa mpaka nikamaliza darasa la saba. Halafu akahamia Dodoma kwa mwanawe, nami nikapelekwa kituoni. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Kidato cha nne na cha sita nimemalizia kituoni.

Sitaki uone kama kituo kilinitupa. Nilipopata chuo walininunulia godoro, mablanketi mawili na begi, wakanipa nauli, na mkopo wa Bodi ya Mikopo walinisaidia kuomba mpaka nikapata. Siku ya kuondoka mama wa bwenini aliniambia, "Sasa umekuwa mtu mzima, usitusahau." Sikuwasahau. Desemba nilipiga simu kwamba nakuja Krismasi. Msimamizi mpya akanijibu kwa upole kabisa kwamba kitanda changu kina mtoto mwingine, na mtu mzima haruhusiwi kulala bwenini na watoto. Nikasema sawa. Nikaenda Tukuyu kwa kina rafiki yangu. Walinipokea vizuri, ila siku ya tatu baba yake aliniuliza mezani, "Hivi binti, kwenu hasa ni wapi?" Nikajibu Makete. Akauliza, Makete kwa nani? Sikuwa na la kusema.

Sasa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinakaribia, na Julai chuo kinafungwa mpaka karibu Novemba. Hosteli tutakabidhi funguo. Bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, likizo halipo. Tukuyu siwezi kurudi, miezi mitatu si siku nne. Kuna kaka mmoja tunasali naye, ni fundi simu Mwanjelwa, amepanga vyumba viwili Soweto, hapa hapa mjini. Ameniambia nikakae chumba kimoja hadi chuo kifunguliwe na hataki chochote kwangu. Ni mtu mwenye heshima. Lakini kila nikifikiria kupeleka begi langu pale roho inasita, na sijui kama ninamkosea mtu mwema.

Mjomba wangu yupo Makambako. Miaka yote nikiwa kituoni alikuja mara moja. Tangu asikie nipo chuo anapiga simu kila wiki, anasema nije nyumbani. Ila kila akipiga haachi kutaja shamba la mama la viazi, kwamba kuna karatasi natakiwa kusaini ili "mambo yakae sawa".

Kuna lingine. Kila fomu chuoni inauliza jina la mzazi au mlezi na namba yake. Niliandika jina la msimamizi wa zamani wa kituo, na namba yake haipatikani tena. Muhula uliopita niliumwa, nesi wa zahanati akaniuliza ampigie nani nyumbani, nikamwambia hakuna. Akacheka akidhani ninatania. Muhula huo nilipata sapu moja, somo la kurudia mtihani, na ninaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Wenzangu chumbani hawajui chochote, nimewaambia mama yupo Njombe.

Nimesoma mtandaoni kwamba vyuo vya Marekani vina programu za wanafunzi waliolelewa nje ya familia zao, wana mtu wao ofisini na hosteli hazifungwi. Je, kuwaza kitu kama hicho hapa kwetu ni ujinga? Na Julai niende wapi?

Binti wa Makete, Mbeya


Marahaba mwanangu, na kamwene.

Nianze na chumba cha Soweto, maana hicho ndicho kilicho karibu zaidi na begi lako. Usiende. Sisemi kijana ni mbaya, simjui. Huenda anamaanisha kila neno alilosema siku aliyosema. Tatizo ni kwamba ukishaingia pale hutakuwa na mlango mwingine wa kubisha, na yeye atajua hivyo. Siku akibadili nia saa nne usiku, au jirani zake wakianza maneno, au akileta mchumba, wewe utalala wapi usiku huo? Mtu asiye na pa kuondokea hana nguvu ya kusema hapana, hata kwa mtu mwema. Nimekuwa matroni wa hosteli za chuo Iringa kwa muda mrefu, na wasichana waliorudi Novemba wakiwa na mimba au na madeni ya aibu, wengi hawakuwa wahuni. Walikuwa wamekosa pa kulala Julai. Mshukuru kaka huyo mbele ya watu, mwambie umepata pengine. Roho yako haijamkosea mtu.

Sasa hiyo pengine tuitafute. Bado ni Mei, wiki zipo.

Unaamini hosteli hufungwa zote. Tangazo la ubaoni husema hivyo, lakini mimi nilikuwa nashika funguo. Katika vyuo vyetu vingi likizo ndefu haiwi tupu: kuna wanaosubiri sapu kabla mwaka mpya haujaanza, kuna wa fildi, mafunzo kwa vitendo, waliopangiwa ofisi za hapo hapo mjini, kuna walimu wanaokuja kusoma wakati shule zao zimefungwa. Kwa ajili yao bweni moja au ghorofa moja hubaki na maji, umeme na askari. Kwa hiyo hutaomba wakufungulie chuo. Utaomba kitanda kimoja katika bweni ambalo litakuwa wazi hata usipokuwepo. Na sapu yako, hiyo unayoionea aibu, ni sababu halali ya kuwa karibu na maktaba mpaka siku ya kuirudia.

Anayeweza kuliamua hili ni Mshauri wa Wanafunzi. Usiishie kwa mlinzi wala kwa msimamizi wa bweni, hao watakusomea tangazo. Muone mshauri kabla ya UE, maana wakati wa mitihani ofisi hufurika watu wenye matatizo ya namba za mtihani na ada. Nenda na barua mkononi. Iwe fupi. Mimi ningeiandika hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, uhasibu. Nimelelewa chini ya usimamizi wa Ustawi wa Jamii mkoani Njombe, kwanza katika familia ya malezi na baadaye katika makao ya watoto. Mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi na sina nyumba ya kurudi likizo. Ninaomba kuruhusiwa kubaki hosteli kuanzia chuo kitakapofungwa hadi kitakapofunguliwa, na ninaomba kujua gharama na utaratibu wa kuilipa. Ninaomba pia ofisi yako initeulie mtu mmoja wa kuwasiliana naye ninapougua au ninapohitaji saini ya mlezi. Naambatanisha barua ya Afisa Ustawi wa Jamii."

Hakuna kilio ndani yake na hakuna uongo. Usiandike kurasa nne za historia ya mama. Atakayehitaji kujua zaidi atakuuliza mkiwa mmekaa.

Hiyo barua ya ustawi uitafute mapema. Jalada lako liko katika halmashauri iliyokupeleka kwa yule mama na baadaye kituoni. Kama nauli ya Njombe inakuuma, anza na ofisi ya ustawi ya Jiji hapa Mbeya, waeleze, waombe wawasiliane na wenzao. Na kituoni, hata kama kitanda chako kimepata mtu, nyaraka zako bado ni zako. Omba nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama, barua ya nani alikulipia shule, na chochote kinachoonyesha miaka uliyokaa pale. Weka nakala moja mbali na chumba chako. Bodi ya Mikopo ikiulizia kitu, au ukitaka kuomba ufadhili wa nafasi fulani, usianze kumtafuta msimamizi ambaye namba yake haipatikani.

Kuhusu kitanda chenyewe, nakuomba usiikunje simu ile moyoni kama kufukuzwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na makao yamesajiliwa kuhudumia watoto hao. Msimamizi akikulaza bwenini na mtoto wa miaka tisa, anavunja ulinzi uleule uliokulinda wewe. Ila sheria kukutoa bwenini hakumaanishi ilikupa pa kwenda, na hapo ndipo nina ugomvi na mfumo wetu wote. Mwaka huohuo wa 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala ya watoto, na miongozo ile inataka kila kijana anayetoka kwenye malezi apewe, inapowezekana, mtu maalumu wa kumsaidia asimame. Wewe ulipewa godoro na mablanketi mawili, kwa upendo, na mtu hukupewa. Waulize kituoni waziwazi: ni nani kwenu anayefuatilia tuliotoka? Wakikosa jibu, swali lenyewe litakuwa limefika. Na omba kuja mchana, Jumamosi moja, kuwafundisha wadogo hesabu. Hilo hakuna sheria inayolikataza, na nadhani umewakumbuka.

Sasa kuna mtu umemtaja kwa mstari mmoja ukampita. Yule mama wa Njombe aliyehamia Dodoma.

Mwanangu, huyo mama alikupikia, alikusuka, alikuamsha kwenye baridi ya Njombe uende shule, mwaka baada ya mwaka, katika umri ambao mtoto anajifunza kama dunia inamtaka au haimtaki. Katika barua yako yote hakuna mtu mzima aliye hai aliyekulea kwa ukaribu kama yeye. Uliondoka kwake kwa sababu alihama, hukusema aligombana nawe wala alikuchoka. Mara ngapi watoto wa malezi hudhani kwamba karatasi za ustawi zikifungwa, na mapenzi yamefungwa! Mara ngapi na yule mlezi naye anakaa huko aliko akidhani binti amekua, ana mambo yake, asimsumbue! Mtafute. Majirani zake wa zamani Njombe wapo, kanisa alilosali lipo, afisa ustawi aliyewakutanisha ana rekodi. Mpigie, usianze na shida, anza na salamu na habari kwamba yule mtoto wake sasa anasoma uhasibu. Mengine yatafuata kwa mwendo wake.

Siwezi kukuahidi kwamba atakuambia njoo ukae miezi mitatu. Anaishi kwa mwanawe, huenda na chumba hana. Lakini anaweza kuwa jina katika ile nafasi ya mlezi, na namba inayopokelewa nesi akipiga. Anaweza kukupokea wiki mbili za Agosti. Na wale wenzako chumbani uliowaambia mama yupo Njombe, sioni kama uliwadanganya sana. Mama ulikuwa naye Njombe, na sasa yupo Dodoma.

Kwa hao wenzako, huna deni la kuwasimulia maisha yako. Lakini kuficha kwa kila mtu kunakula nguvu ambazo ungezitumia kusoma, na nashuku ile sapu imetokea huko zaidi ya kwenye somo lenyewe. Chagua watu wawili. Mmoja awe mtu mzima wa chuo: mshauri mwenyewe, au mhadhiri mmoja anayekujua kwa jina, au mlezi wa kwaya yenu. Wa pili awe mwenzako mmoja uliyemwona anajua kunyamaza. Wengine waendelee kujua unachotaka wajue. Na yule baba wa Tukuyu, nadhani hakukusudia kukuumiza. Huku kwetu kumuuliza mgeni kwao ni wapi ni namna ya kumkaribisha, mtu anatafuta labda ana ndugu unayemfahamu. Siku nyingine mjibu tu, "Makete, lakini wazee wangu wametangulia, nimelelewa Njombe." Utaona atakavyokupunguzia maswali na kukuongezea ugali.

Mjomba. Usisaini karatasi yoyote. Hata kama ameandaa chai, hata kama mtendaji wa kijiji amekaa pembeni, hata kama anasema ni ya kuhesabu watu tu. Kama shamba ni la mama yako, wewe ni mrithi wake, na mirathi ina njia yake: kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo inateua msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo anawajibika kwa mahakama. Karatasi isiyopita huko inayohitaji saini yako kwa haraka inahitaji kwanza macho ya mtu mwingine. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma hii bure kwa asiye na uwezo. Halmashauri itakuelekeza. Wakati huohuo usimkate mjomba. Mpokelee simu, msalimie mkewe, ulizia watoto, na akigusa shamba mwambie, "Mjomba, nitakuja tuzungumze nikiwa na mtu wa ustawi." Akiwa na nia njema atasema njoo naye. Kulala kwake likizo nzima kabla jambo hili halijanyooka, mimi nisingekushauri.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, kwa kuwa pesa peke yake isingekutatulia hili. Mkopo wa chakula na malazi huhesabiwa kwa siku za masomo, ndiyo maana likizo ni kavu. Kama programu yako ina mafunzo kwa vitendo na mkopo wako umeyajumuisha, Bodi hulipia siku za fildi hadi 56, yaani wiki nane. Muulize afisa mikopo wa chuo kama zako ni mwaka huu au mwaka wa pili, kisha omba nafasi mahali ambapo una pa kulala, usikimbilie ofisi yenye jina kubwa. Katika bumu la mwisho, kabla hujanunua chochote, tenga ya kulipia kitanda. Kupanga geto, chumba cha mtaani, nakukataza kwa sasa, maana wenye nyumba wengi hapa Mbeya wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na utaanza mwaka wa pili huna hata ya madesa. Kazi ndogo zipo: Agosti mosi hadi nane viwanja vya John Mwakangale vinajaa mabanda ya Nanenane yanayotafuta vijana wa kuhesabu mauzo na kupokea wageni, na mwanafunzi wa uhasibu ana la kuwaambia. Tuisheni ya hesabu kwa watoto wa darasa la saba nayo inapata wateja wakati huo, wazazi wanahangaika kabla ya mtihani wa Septemba.

Nije kwenye swali lako la Marekani, ambalo uliliuliza kwa aibu na halistahili aibu.

Si ujinga hata kidogo. Huko kwao nako hawakuanza na mambo makubwa. Mwaka 1998 chuo kikuu kimoja cha umma California, kile cha Fullerton, kilianza kuwahudumia kwa pamoja wanafunzi waliotoka kwenye malezi ya kambo, kikaiita programu yao Guardian Scholars, na vyuo vingine vikaiga. Mwaka uliofuata serikali yao ilipitisha sheria ya kuwasaidia vijana wanaotoka kwenye malezi, na baadaye ikaongezwa hati ya masomo ya hadi dola 5,000 kwa mwaka, ambayo si mkopo, na kijana anaweza kuipata mpaka atimize miaka 26. Western Michigan walianza yao mwaka 2008, wakaweka washauri wa kudumu ambao kazi yao ni wanafunzi hao. England nao, chini ya sheria yao ya mwaka 2000, kijana aliyetoka kwenye uangalizi wa halmashauri hupewa mshauri wake binafsi, na kwa sheria iliyokuja baadaye, akienda chuo kikuu halmashauri humlipa paundi 2,000 za kumsaidia na masomo.

Ukiziangalia programu hizo kwa makini, pesa inasaidia, lakini kinachojirudia kila mahali ni vitu vya kawaida sana. Mtu mmoja mwenye jina, mlango na simu. Kitanda ambacho hakifi likizo. Fedha kidogo ya dharura, ya dawa au nauli, isiyohitaji vikao vitatu. Na kukutana na wengine waliopita njia hiyo, ili mwanafunzi asidhani yeye peke yake ndiye anaandika jina la uongo kwenye fomu. Katika hayo manne, mawili ya kwanza chuo cha Mbeya au Iringa kinaweza kuyafanya mwaka huu bila kusubiri bajeti ya mtu.

Na wanafunzi wa namna yako hawako wachache huku kwetu. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo kuna miaka ambayo vijiji vizima vya Makete na Ludewa vilibaki na mabibi na wajukuu. Sisemi hilo ndilo lililomchukua mama yako, maradhi ni mengi. Nasema tu kwamba katika ukumbi ule mnaokaa mamia kwa somo la uchumi, kuna wengine waliolelewa na bibi, na ustawi, na kituo, na wote wanasema mama yupo Njombe. Fomu ya mkopo inamuuliza mwanafunzi kama ni yatima na inampa kipaumbele kwa hilo. Akishapata mkopo, hakuna fomu inayomuuliza tena analala wapi Julai.

Kwa hiyo washauri wa wanafunzi mnaosoma hapa, kuanzia Iyunga hapa Mbeya hadi Mkwawa kule Iringa, nawaomba jambo hili kwa moyo wote. Kwenye fomu ya usajili wa mwaka wa kwanza ongezeni mstari mmoja: ni nani aliyekulea, na likizo utakuwa wapi? Someni majibu wenyewe, msimwachie karani. Wasio na pa kwenda likizo watakuwa majina machache tu kwa kila chuo, na kwa majina hayo bweni moja linalobaki wazi linatosha kabisa. Mkabidhini mtumishi mmoja anayependa watu majina hayo, awe na ruhusa ya kusaini pale panapoandikwa mlezi. Serikali za wanafunzi nazo zina mawaziri wa malazi. Wanapodai maji na mwanga hosteli, wadai na kitanda cha likizo.

Wewe, binti yangu, usingoje chuo kibadilike. Wiki hii chapa barua, nakala mbili. Moja wabaki nayo masijala, ya pili wakugongee muhuri wa mapokezi wenye tarehe, uitunze. Siku saba zikipita bila jibu, rudi na nakala yenye muhuri, safari hii ukiwa na yule mhadhiri au mtu wa serikali ya wanafunzi, na uombe kuonana na mshauri ana kwa ana. Simu ya Dodoma ipigwe Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula. Niandikie tena kabla ya Julai uniambie mshauri amesema nini.

Shangazi